Jiwe Lililobaki Kibuyuni

Masika moja maharage yaliota ndani ya koti lake. Mke wake ndiye aliyenisimulia. Koti lilikuwa limening'inia ukutani, paa linavuja, na mfukoni mlikuwa na maharage ya kujumlishia. Alipolishusha ili alifue akakuta chipukizi jeupe limechungulia nje ya mfuko, linatafuta jua. Akamwita mumewe aje aone aibu yake. Yeye akainama, akatazama, akauliza yameota mangapi na mangapi yamegoma. Kisha akalivaa koti vilevile, bila kufuliwa, akaja nalo shuleni ili darasa la kwanza nao waone.

Huyo ndiye mwalimu ninayetaka kumwandika. Sisi tulimwita Mwalimu wa la Kwanza, kwa sababu miaka yote aliyokaa kwetu Kilosa alifundisha darasa la kwanza tu, na kila walipotaka kumpandisha darasa alipata ugonjwa wa mgongo mpaka wakaacha. Alizaliwa wapi na kwa watu gani sijui. Nilipika uji wa shule hatua ishirini kutoka dirisha lake na sikuwahi kumwuliza. Tulimzika Mikumi mvua za mwaka huu zilipoanza. Wenye maneno walisimama wakasema. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake wenzangu, na pale jikoni ndipo nilipoona kwamba mengi niliyoyajua mimi hayakusemwa. Nimesoma hadi darasa la nne. Naandika polepole, na nikikosea mahali najua yeye angenicheka, wala nisingeona vibaya.

Nianze na mifuko. Koti lilikuwa na mifuko minne, na mke wake alimshonea wa tano kwa ndani. Humo mlikaa vizibo vya soda, punje za mahindi, mbegu za ukwaju, vijiti vilivyofungwa kumikumi kwa mpira wa baiskeli, na vijiwe vyeupe vya mtoni alivyovitunza kwa ajili ya mchezo wa mdako. Akitembea alilia kama kayamba. Watoto walimsikia kabla hajafika, na kwa hiyo hakuwahi kulikuta darasa lake likipiga kelele. Alijisifu kwamba darasa lake lina nidhamu kuliko yote. Hakuna aliyemwambia sababu.

Alikuwa na fimbo. Wageni waliiona wakatikisa vichwa, wakidhani ni ile tuliyoijua sisi. Fimbo yake ilikuwa na mikato midogo toka chini hadi juu, na kazi yake ilikuwa kupimia. Watoto walipanga mstari waguswe nayo kichwani wajue wamefika mkato wa ngapi, na aliyekuwa mfupi alisimama kwa vidole akidhani haonekani. Mwalimu aliona. Alimwachia siku hiyo, kesho yake akasema, "Jana ulikuwa mrefu zaidi. Umelala vibaya?"

Msemo wake mkubwa ulikuwa kwamba hesabu haiogopwi, inaguswa. Mtoto akisema sijui, yeye alimjibu usiseme hujui, sema hujagusa, na akatoa kitu mfukoni cha kumgusisha. Alikata muhogo niliouchemsha akawaonyesha nusu na robo, kisha wakazila nusu na robo, na hapo somo likawa limekwisha kwa kuwa ushahidi umeliwa. Aliwapeleka uwanjani wakacheza mchezo alioutunga mwenyewe. Alitaja namba, tuseme nne, nao wakakimbia kukumbatiana wanne wanne. Waliokosa kundi walibaki katikati, na darasa zima liliwauliza kwa wimbo, "Nani baki? Nani baki?" Watoto wa darasa la tano waliokuwa wakilia na hesabu za kugawanya walipita wakicheka utoto ule, hawakujua kwamba wadogo zao walikuwa wanagawanya.

Siku moja alikuja mkaguzi. Alivaa suti ya kaunda iliyopigwa pasi ikanyooka, akasimama pembeni ya uwanja na daftari lake. Mwalimu akaita sita. Kundi moja likawa na watano na limebakiwa na nafasi, na msichana mmoja mdogo, bila kufikiri mara mbili, akamkimbilia mkaguzi akamshika suruali kwa mikono yenye ukoko wa uji, akamvuta. Mkaguzi alikwenda. Nilimwona kwa macho yangu amekumbatiwa na watoto watano, daftari juu hewani. Sijui aliandika nini baadaye, lakini alinywa uji vikombe viwili.

Sitaki mtu adhani alikuwa malaika. Alikuwa mchelewaji. Mtu aliyewafundisha watoto wote wa kata yetu kusoma saa, yeye mwenyewe hakuwahi kuingia kikao kabla hakijafika mengineyo. Kwenye mdako hakukubali kushindwa. Anarusha kijiwe juu, anachota shimoni, na mtoto wa miaka saba anamwambia, "Mwalimu, umegusa kingine," naye anasema upepo. Upepo gani wa kusogeza jiwe? Wakimshinda mara tatu mfululizo alikumbuka kwamba ana madaftari ya kusahihisha. Mke wake alisema hata nyumbani hawamruhusu kugawa nyama, kwa kuwa anagawa sawasawa mbele ya watu kisha jikoni anarudi kutafuta baki.

Kwa salamu alikuwa mkali kupita wote. Mtoto apite bila kumwamkia, hapana. Na ukali huo aliufanyia ujanja. Walipocheza kombolela, yeye akiwa ndiye mtafutaji, hakuhangaika kuchungulia nyuma ya matangi wala vyoo. Alitembea taratibu, mikono nyuma, akikohoa kidogo kama mtu mzima apitaye njia. Kutoka kichakani sauti ndogo ilitoka yenyewe: "Shikamoo mwalimu." Alijibu marahaba, akamtoa. Aliwakamata wote hivyo, waliolelewa vizuri kwanza. Mwishoni walibaki watundu wawili watatu, akasema hao ndio washindi, na akaja kwangu akiwa na mawazo kwamba labda kuna kitu hakiko sawa katika ushindi huo.

Mimi hesabu zilinifukuza shule. Nasema kama ilivyo. Jedwali la saba nililipigiwa mpaka siku moja nikaenda mtoni kuteka maji na sikurudi darasani, wala nyumbani hawakuuliza sana. Kwa hiyo nilipopata kazi ya uji, na jiko likawa linatazamana na dirisha la la kwanza, nilikuwa nasikiliza. Nilikoroga na kusikiliza. Zuhura, binti yangu wa kwanza, alipita darasa hilo, na wadogo zake, na mimi nilibaki palepale na mwiko. Jedwali la saba nililijulia hapo, kwa mbegu za ukwaju, nikiwa mama wa watoto. Mwalimu hakuwahi kusema kwamba ameniona. Ila kila akieleza jambo gumu alisogea dirishani, akapaza sauti kuliko ilivyohitajika.

Sasa nifike kwa Kabula.

Alikuwa mtoto wa wafugaji waliohamia njia ya Msowero kutoka kanda ya ziwa. Alikuja shule amekwisha kuwa mrefu, Kiswahili chake cha kubahatisha, na wenzake wakimcheka anavyotamka. Alikaa dawati la nyuma kimya kama mgeni msibani. Mwalimu alihangaika naye. Alimgusisha vizibo, alimgusisha mahindi, mtoto anatabasamu tu. Ndipo siku moja, mwisho wa kipindi, akagawa kazi ya nyumbani. Kila mmoja alete namba ya kitu kilichopo kwao. Mmoja alitumwa kuku, mmoja milango, mmoja sufuria. Kisha akamgeukia Kabula kwa furaha kabisa, kama mtu aliyepata ufunguo.

"Na wewe Kabula, utatuletea ng'ombe. Nenda langoni jioni, nyoosha kidole, hesabu mmoja mmoja, uniandikie."

Nilisikia. Mwiko ulinisimama mkononi. Hata kwetu sisi wa tambarare, bibi yangu ukimwuliza ana watoto wangapi alikujibu wapo wanaotosha, kwa kuwa unachokinyooshea kidole na kukitaja namba umekiitia macho mabaya. Na wafugaji wale nilikuwa nimeuza nao mboga sokoni. Nilijua kwao jambo hilo ni zito mara kumi, kwamba mtu hahesabu mifugo yake kwa sauti, wala ya mwenzake. Ilinipasa kutoka pale hatua ishirini na kusema, "Mwalimu, huyo mpe sufuria." Sikutoka. Nilijiambia mimi wa darasa la nne nitamwambia nini mwalimu. Nilijiambia atanicheka. Nikakaa hivyo mpaka nikasikia harufu, na siku hiyo uji uliungua, watoto wakaunywa wamekunja sura.

Kabula alileta namba. Ilikuwa kubwa kuliko za wote, wenzake wakampigia makofi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka na meno. Wiki haikuisha, ndama wawili wakafa kwao.

Baba yake alikuja mwenyewe. Hakutaka kuingia ofisini. Alisimama nje ya darasa, fimbo yake begani, akamwamkia mwalimu kwa adabu na kusema amekuja kumchukua mtoto. Mwalimu alipoelewa kisa alifanya kosa la pili. Alicheka.

"Mzee, ng'ombe hafi kwa namba," alisema. "Anakufa kwa ndigana."

"Basi wewe ndigana unaijua kuliko mimi," baba akamjibu, si kwa hasira. Akamshika mtoto mkono wakaondoka. Kabula alikuwa ameacha penseli yake juu ya dawati.

Wiki ya kwanza mwalimu alikuwa mbishi. Alikuja jikoni akanieleza habari za ndigana, kupe na homa yake, kana kwamba mimi ndiye niliyembishia. Wiki ya pili alinyamaza. Wiki ya tatu nikaona kwamba ule mchezo wa makundi ameuacha. Watoto walimwomba, akasema jua kali. Siku moja waliuanza wenyewe, wakafika kwenye wimbo wa nani baki, na yeye akaingia darasani akaanza kufuta ubao ambao ulikuwa mtupu. Penseli ilikuwa mfuko wa juu wa koti lake. Alijua, na mimi nilijua, kwamba mtoto aliyeondoka hivyo, wa kike, aliyekwisha kuwa mrefu, akikaa nyumbani hadi mwaka uishe hatarudi tena. Ataitwa mtu mzima.

Jumamosi alichukua baiskeli akaenda kwao Kabula. Jumatatu alinihadithia huku akisubiri uji upoe. Walimpokea vizuri, wakampa maziwa mgando. Mzee hakutaja habari ya shule. Alimwuliza tu, "Mwalimu, wewe una watoto wangapi?" Mwalimu akajibu upesi wanne. Mzee akageuza uso kama mtu aliyeona kitu kibaya.

"Umewataja kama viazi," alisema.

Mwalimu alirudi amenywea. Lakini Jumamosi iliyofuata alikwenda tena, na nyingine tena. Hakuomba mtoto arudi. Nadhani mara hii alikuwa na haya. Alikaa tu pale langoni jioni ng'ombe wakirudi, na hatimaye akauliza anachotaka kujua mwalimu yeyote: sasa bila kuhesabu, mnajuaje kama mmoja hayupo? Walimcheka. Mzee alisema anawajua kwa sura kama yeye anavyowajua wanafunzi wake. Ila kwa watoto wanaojifunza, na kwa siku ambayo mzee hayupo, kulikuwa na vibuyu viwili na vijiwe. Kila ng'ombe ana kijiwe chake. Ng'ombe akipita langoni, kijiwe kinatoka kibuyu hiki kinaingia kile. Hakuna anayetaja namba. Wakishaingia wote unatikisa kibuyu cha kwanza. Kikiwa kimya, mmelala salama. Kikilia, toka ukatafute.

Mwalimu alinieleza hayo amesahau uji kabisa. "Mama Zuhura," alisema, "mimi nimesomea kazi hii, nimesafiri kwenda semina, na mtu asiyetaka kusikia namba ndiye ananifundisha hesabu."

Nilitaka kumwambia siku hiyo. Nikamwongezea uji.

Jumamosi ya nne au ya tano mzee alimpa heshima. Alimwambia leo vibuyu vyako. Mwalimu akakaa langoni, kibuyu kimoja paja hili na kingine paja lile, koti lake mwilini na mifuko yake yote mitano. Ng'ombe walipita, vijiwe vikahama. Wa mwisho akaingia, lango likafungwa. Mwalimu akatikisa kibuyu cha kwanza. Kikalia.

Jiwe moja.

Nyumba nzima ilitoka. Wanaume kwa fimbo, wanawake kwa miluzi, mwalimu mwenyewe na viatu vyake vya kazini akipita kwenye miiba. Walikwenda mpaka korongoni, walikwenda mpaka mashamba ya watu ambako kukutwa na ng'ombe ni kesi. Jua likawa linazama. Mzee alipita kati ya mifugo mara tatu, anawaita kwa majina, wote wanaitika kwa macho, hamwoni asiyekuwepo. Hilo lilimtisha zaidi, kwamba ng'ombe amepotea na yeye amemsahau. Mwalimu aliniambia hapo alijua moyoni kwamba Kabula ndiyo basi. Mwalimu huyohuyo aliua ndama wawili kwa mdomo, na sasa kapoteza ng'ombe mzima kwa mkono.

Kabula hakwenda kutafuta. Alibaki langoni na vibuyu. Aliinamisha kile kilicholia, jiwe likamdondokea kiganjani, akalitazama. Walipokuwa wanarudi wamechoka, akalinyanyua.

"Baba, hili si la kwetu," alisema. "Yetu mekundu. Hili la mdako."

Lilikuwa jeupe, laini, la mtoni. Lilikuwa limeporomoka kutoka mfuko wa ndani wa koti, ule wa tano, likaingia kibuyuni mwalimu alipokuwa amejiinamia. Wamehangaika jioni nzima kumtafuta ng'ombe ambaye hajazaliwa.

Mwalimu alisema alitamani korongo limsogelee. Halafu mzee akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi chini penye samadi, akashika mguu wa mwalimu ili asianguke zaidi.

"Mwalimu," alisema, "tangu nihamie huku watu wananipunguzia ng'ombe. Wewe wa kwanza kuniongezea." Alipopata pumzi akasema, "Jumatatu mtoto atakuja. Hesabu zako hizi zinahitaji mwangalizi."

Na Jumatatu alikuja. Mwalimu alimrudishia penseli bila neno. Mlangoni pa la kwanza alikuwa ameweka makopo mawili ya maziwa, na tangu siku hiyo kila mtoto alileta jiwe lake kutoka kwao na kulihamisha mwenyewe akiingia. Daftari la mahudhurio alilijaza baadaye, kwa kuwa serikali inalitaka. Wazee walipenda. Mtoto akiugua jiwe lake lilibaki, na wenzake walilitikisa kopo wakasema fulani analia, twendeni tukamwone. La Kabula lilikuwa jekundu. Mchezo wa makundi ulirudi. Mkaguzi naye alirudi, na sasa alikuja na suruali ya kawaida.

Hiyo ilikuwa zamani kiasi. Mwalimu alistaafu, mke wake akatangulia mbele ya haki, naye akahamia Mikumi kwa binti yake mwenye mgahawa kando ya barabara kuu, wanapopumzika madereva wa malori. Kisha tukasikia amepata kiharusi. Nilichelewa kwenda. Nilisema nauli, nilisema mvua, lakini sababu yenyewe mimi naijua.

Nilikwenda mwaka jana. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki kibarazani nyuma ya mgahawa, mkono wa kulia umelala pajani kama wa mtu mwingine. Nikapiga goti kidogo, nikamwambia shikamoo mwalimu. Alinitazama, akatikisa kichwa, hakuitika. Mwalimu huyo wa salamu. Nikajua ugonjwa umemla vibaya.

Binti yake alinieleza. Maneno yalikuwa yamemrudia karibu yote, yakija polepole. Kilichogoma ni namba. Akitaka kusema mbili inatoka saba, akitaka saba anatafuta tu hewani. Dawa zake binti alimwekea mawe, kidonge kimoja jiwe moja, na hapo hakosei. Na kwa wageni alikuwa na makopo yake mawili yaleyale. Alikuwa ameagiza mawe kutoka Kilosa, na kwa kila mtu aliyemtazamia aliweka moja. Mtu akifika, analihamisha. Binti alinionyesha kopo la waliofika. Juu kabisa lilikuwepo jekundu. Kabula alikuwa amepita wiki mbili kabla, kutoka Morogoro anakosomea utabibu wa mifugo, na alimletea maziwa mgando kwenye dumu. Binti alisema walicheza mdako, mgonjwa kwa mkono wa kushoto, na bado alisingizia upepo.

Nilimpikia uji. Nilipotoka nao jikoni binti alikuwa anamtania. "Baba, mama Zuhura yupo hapa tangu asubuhi. Mbona jiwe lake hujahamisha?"

Akasema, "Bado."

"Bado nini, baba? Huyo si ndiye?"

"Bado."

Binti akanitazama kwa macho ya kuniomba radhi, akaenda kuwahudumia wateja wake. Tukabaki wawili. Alikunywa kwa mkono wa kushoto, anadondosha kidogo, nami nampangusa. Lori lilipita, likapita jingine. Nikaona kwamba nikiondoka na jambo hili sitapata siku nyingine ya kulisema, na yeye hatapata siku nyingine ya kulisikia.

"Mwalimu," nikasema, "siku ile ulipomtuma Kabula ng'ombe, mimi nilisikia. Nilijua ni mwiko. Ningeweza kukuzuia na sikukuzuia. Mtoto akakaa nyumbani wakati wote ule kwa sababu yangu mimi."

Alishusha kikombe.

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utanicheka."

"Ningekucheka," alisema. Akapumua. "Kisha usiku nisingelala. Kesho yake ningempa sufuria."

Yeye alikuwa amekwisha kulivuta kopo la kwanza miguuni. Aliingiza vidole vya kushoto, akapapasa ndani kama mtu anayechota mdako, akatoa kijiwe cheusi, cheusi kama kilichokaa mafigani.

"Uji uliungua," alisema. "Siku ile. Na wewe huunguzi."

Akanyoosha mkono mpaka juu ya kopo la pili. Nikataka kumsaidia, akanikataza kwa macho. Akaliachia. Nililisikia likigonga wenzake.

Ndipo akanigeukia vizuri, akaweka mgongo wake sawa kwenye kiti.

"Marahaba," alisema.